Homoni bayoidentiko ni zipi?

Hedhi inapokoma, ovari hutoa homoni za kike, estrojeni na projesteroni, kidogo mno. Ndiyo hayo ya kuamka saa nane usiku shuka limelowa jasho, na uke kukauka. Tiba ya homoni hurudisha kiasi cha kilichopungua. Ikiitwa bayoidentiko, maana yake ni moja: molekuli ya dawa ina umbo lile lile la homoni ya mwili wenyewe. Kuhusu ilikotoka, neno hilo halisemi kitu.

Na hutoka maabara. Malighafi huwa soya au viazi vikuu vya porini. Mwanakemia Mmarekani Russell Marker ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1940 huko Mexico, jinsi ya kuigeuza diosjenini, kemikali iliyomo kwenye viazi hivyo, kuwa projesteroni. Mwili wa binadamu haujui kazi hiyo, kwa hiyo mwenye kujipaka krimu ya kiazi kikuu amejipaka kiazi tu. Premarin, dawa ya estrojeni iliyo sokoni Marekani tangu 1942, hukamuliwa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Ukitaka kitu cha asili, hicho hapo! Lakini si bayoidentiko, maana baadhi ya estrojeni zake ni za farasi.

Dawa hiyo, ikiambatana na projestini, dawa ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni, ndiyo iliyokuwa kwenye utafiti mkubwa wa Marekani uliosimamishwa mwaka 2002 baada ya saratani ya matiti kuongezeka. Tangu hapo neno bayoidentiko limeuza sana, na wauzaji wengine hulitamka kana kwamba maana yake ni "salama".

Mimi ningeuliza kwanza nani amepima dozi. Kuna zilizoidhinishwa, kama kibandiko cha estradioli, aina ya estrojeni, kinachobadilishwa mara mbili kwa wiki. Kuna pia zinazochanganywa na mfamasia kwa ajili ya mteja mmoja, mara nyingi kwa kufuata kipimo cha mate, ilhali homoni hupanda na kushuka siku hiyo hiyo. Michanganyiko hiyo haiidhinishwi na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Mwanamke ambaye hajatolewa kizazi akipata estrojeni ya kutosha na projesteroni pungufu, ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa, na saratani huweza kuanzia hapo.

Zilizoidhinishwa nazo zina mambo yake. Kapsuli za Prometrium, projesteroni bayoidentiko, zina mafuta ya karanga; mwenye mzio wa karanga hazimfai.