Ubuddha: Dini au Falsafa?

Anayeuliza kama Ubuddha ni dini au falsafa huwa ameshasikia mambo mawili yanayoonekana kupingana: kwamba Wabuddha hawaamini Mungu aliyeumba ulimwengu, na kwamba wana mahekalu, watawa na maandiko matakatifu. Kwa maoni yangu, Ubuddha ni dini, na ndani ya dini hiyo mna falsafa nzito ambayo haiwezi kung'olewa humo bila kupoteza kusudi lake.

Wanaoiita falsafa wana hoja ya kusikilizwa. Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimwita Buddha, aliishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne ya 5 KK, wala hakudai kuwa mungu au mtume wa mungu. Mafundisho yake yanaanza na jambo ambalo kila mtu analijua, yaani mateso, kisha yanataja chanzo chake, ambacho ni tamaa, yanaeleza kwamba mateso hayo yanaweza kukoma, na hatimaye yanaonyesha njia ya kuyakomesha. Huo ni mpangilio wa hoja unaomwalika msikilizaji kupima mwenyewe.

Kisa kinachotajwa sana kuunga mkono maoni hayo ni cha mtawa Malunkyaputta, aliyetaka kujua kama ulimwengu una mwisho na kama aliyefikia ukombozi huendelea kuwapo baada ya kufa. Buddha alimjibu kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, akakataa kutolewa mshale huo mpaka aambiwe aliyeupiga ni wa ukoo gani na upinde wake ulikuwa wa aina gani; mtu huyo angekufa kabla ya kupata majibu. Ninaona kwamba kisa hiki husomwa kinyume. Kinachokataliwa hapo ni kutafuta maarifa kwa ajili ya maarifa tu, na kinachotangulizwa ni kuokoka, jambo ambalo ni kiini cha dini. Hata Nagarjuna, mwanafikra mkubwa wa karne za mwanzo BK aliyejenga hoja kali kwamba hakuna kitu chenye asili inayojitegemea, alifungua kitabu chake kikuu kwa kumsujudia Buddha.

Dai kwamba Ubuddha hauna miungu nalo linahitaji kurekebishwa. Maandiko ya kale yamejaa miungu, na yanasimulia kwamba ni mungu Brahma aliyemsihi Buddha awafundishe watu baada ya kuelimika kwake, yaani baada ya kuujua ukweli unaokomesha mateso. Tofauti ni kwamba miungu hiyo nayo huishi muda wake, ikafa na kuzaliwa upya kulingana na matendo yake, kwa hiyo haiwezi kumkomboa mtu. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, katika kitabu alichotoa mwaka 1912, aliutumia Ubuddha kuonyesha kwamba dini haiwezi kufafanuliwa kwa kigezo cha kumwamini Mungu peke yake; yeye alitazama vitu vitakatifu na jumuiya inayoviheshimu.

Kwa kipimo hicho mambo yako wazi. Mfuasi hujiweka chini ya kimbilio tatu, yaani Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa. Mtawa wa kiume wa Theravada, mojawapo ya madhehebu ya Ubuddha, hushika kanuni 227. Katika mji wa Kandy, Sri Lanka, kuna hekalu linalotunza jino linaloaminika kuwa la Buddha, na mahujaji hulitembelea kwa maua na maombi. Waumini huwapa watawa chakula ili wapate thawabu, ambayo huwaombea pia marehemu wao waipokee. Nchini Japani, wafuasi wa Shinran, aliyeishi karne ya 13, hulitaja jina la Amitabha, ambaye ni Buddha mwingine, si Siddhartha, wakitumaini kuzaliwa upya katika nchi yake safi, na imani yao inategemea neema kuliko jitihada za mtu.

Sura ya Ubuddha kama falsafa tupu ilipata nguvu katika karne ya 19. Mwaka 1844 msomi Mfaransa Eugène Burnouf alichapisha mjini Paris utafiti wake mkubwa kuhusu Ubuddha wa India, akitegemea miswada ya Kisanskriti iliyotumwa kutoka Nepal, na wasomi wengi wa Ulaya waliofuata waliijua dini hii kwa vitabu kabla ya kuwaona waumini wake. Lakini haitakuwa haki kuwatwika Wazungu peke yao jambo hili. Anagarika Dharmapala, mhubiri wa Ubuddha kutoka Sri Lanka, alipohutubia mkutano wa dini za dunia mjini Chicago mwaka 1893, alieleza kwamba mafundisho ya Buddha yanapatana na sayansi, wakati ambapo wamisionari walikuwa wakiyadharau nchini kwake.

Atakayetaka kuona akili na imani zikikutana amtazame B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyeongoza uandishi wa rasimu ya katiba ya India, ambaye alizaliwa katika tabaka la wale walioitwa wasioguswa. Aliuchagua Ubuddha baada ya miaka mingi ya kulinganisha dini, kwa sababu aliuona unaafikiana na akili na usawa wa binadamu. Hata hivyo hakutosheka kuukubali moyoni kama fikra nzuri: tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, alipokea kimbilio tatu na amri tano za maadili mbele ya mtawa, kisha akawaongoza mamia ya maelfu ya watu kula viapo 22, ambavyo kwavyo waliuacha Uhindu, dini iliyowahesabu kuwa najisi.