Floraidi Katika Maji ya Kaskazini mwa Tanzania: Kwa Nini Kipimo Hutangulia Chujio

Maji ya visima na chemchemi nyingi katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara ni maangavu, hayana harufu wala ladha ya kutiliwa shaka, na mgeni anayeyanywa kwa wiki moja haoni dhara lolote. Athari yake hujitokeza baada ya miaka, kwenye meno ya watoto waliozaliwa na kukulia hapo: kwanza michirizi myeupe, kisha madoa ya kahawia, na kwa walioathirika zaidi meno yanayochimbika na kumeguka. Chanzo chake ni floraidi, aina ya madini yatokayo kwenye miamba, iliyoyeyuka ndani ya maji. Njia za kuipunguza zimejulikana kwa miongo mingi, na nyingine mpya zinaendelea kutafitiwa, lakini vifaa vingi vya kuchujia huacha kufanya kazi kimyakimya wakati familia bado inaviamini. Kwa sababu hiyo makala haya yanaweka mkazo mkubwa zaidi kwenye upimaji kuliko kwenye chujio lenyewe.

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi kwa wingi, ingawa wingi huo peke yake hautoshi kueleza hali iliyopo. Kwa kawaida kalsiamu iliyomo majini hushikamana na floraidi na kujitenga kama madini yasiyoyeyuka kirahisi, na ndiyo maana maji yenye kalsiamu ya kutosha ni nadra kuwa na floraidi nyingi. Maji ya kuzunguka Mlima Meru yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi huku kalsiamu ikiwa kidogo, kwa hiyo floraidi inayotoka kwenye mwamba hubaki imeyeyuka na huzidi kuongezeka kadiri maji yanavyokaa ardhini au kufikwa na jua kali. Vipimo vya miteremko ya mlima huo vilivyochapishwa mwaka 1984 vilionesha miligramu 12 hadi 26 kwa lita katika mito, 15 hadi 63 katika chemchemi, na 60 hadi 690 katika mabwawa na maziwa ya magadi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Tanzania haikuanza na kiwango hicho. Katika miaka ya 1970 iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa sababu ya wazi kwamba kufunga kila chanzo kilichozidi 1.5 kungewaacha watu wengi bila maji kabisa. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa viwango vya taifa vimefikia 1.5 kama ilivyo kwa Afrika Mashariki. Ulikuwa uamuzi sahihi. Hata hivyo, kubadilisha tarakimu kwenye waraka hakubadilishi maji ya kisima kilichochimbwa zamani, na visima vingi vilivyokubaliwa chini ya kiwango cha awali bado vinatumika.

Meno huathirika yanapokuwa yanajengeka ndani ya fizi, yaani tangu utotoni hadi umri wa takriban miaka 8. Mtu mzima aliyehamia eneo lenye floraidi nyingi hatapata madoa hayo hata akiishi hapo muda mrefu. Mifupa ina habari nyingine. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kunywa kwa miaka mingi maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa lita kunaweza kuleta madhara ya mifupa, na yanapozidi 10 ulemavu unaweza kutokea. Mtoto mwenye lishe duni, hasa asiyepata kalsiamu ya kutosha, huathirika zaidi. Mara nyingi wazazi huulizwa kwa nini hawampigishi mtoto mswaki, swali ambalo si la haki, kwani madoa haya yamo ndani ya jino lenyewe na hayaondoki kwa dawa ya meno.

Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi; kinyume chake, mvuke unapotoka floraidi hubaki sufuriani, na maji yaliyochemka muda mrefu huwa nayo zaidi kidogo kwa kila lita. Dawa ya klorini haiigusi, na chujio la mchanga au la kauri ya kawaida huipitisha. Jambo hili linahitaji kusemwa waziwazi, kwa sababu ujumbe wa miaka mingi wa “chemsha maji ya kunywa”, ambao ni sahihi kwa kipindupindu na homa ya matumbo, umewafanya wengi waamini kwamba maji yaliyochemshwa hayana tatizo lolote tena.

Miongoni mwa njia zinazofanya kazi, ile ya Nalgonda, iliyopewa jina la wilaya moja ya India, hutumia shabu na chokaa. Huchanganywa na maji, vipande vyeupe hujikusanya na kuzama vikiwa vimebeba floraidi, kisha maji ya juu humiminwa. Ni rahisi kwa vifaa lakini ngumu kwa nidhamu: dawa inapaswa kupimwa kila siku, tope linalobaki linahitaji mahali pa kutupwa, na shabu ikizidi aluminiamu hubaki majini. Mitambo inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando mwembamba huondoa floraidi vizuri sana, ila inahitaji umeme wa uhakika na hutoa maji taka yenye floraidi iliyokolea zaidi.

Njia iliyofanyiwa kazi nyingi zaidi katika ukanda wetu ni mkaa wa mifupa, ambao umechunguzwa na kutumiwa na Kituo cha Utafiti cha Ngurdoto kilicho chini ya Wizara ya Maji, na upande wa Kenya umetumika sana kupitia kazi iliyoanzishwa na Jimbo Katoliki la Nakuru. Mfupa umejengwa hasa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti yaitwayo haidroksiapataiti. Ukichomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, mafuta na nyama huungua, na kinachobaki ni punje nyeusi zenye matundu madogo mno. Maji yanapopita katikati ya punje hizo, floraidi huchukua nafasi ya sehemu ya madini hayo na kunaswa hapo. Ni kemia ileile inayoifanya floraidi iingie kwenye mifupa yetu, safari hii ikitumiwa kwa faida yetu.

Ubora wa mkaa huo huamuliwa na tanuri. Joto la kati ya nyuzi 400 na 600 za Selsiasi hutoa mkaa mzuri. Likiwa chini ya hapo, mabaki ya mafuta huyapa maji rangi ya njano na harufu ambayo hakuna mama atakayeikubali kwenye chai ya wanawe. Likipita sana 700, matundu huanza kujifunga na uwezo wa kunasa hushuka. Mkaa unaweza kuwa na sura nzuri machoni na bado ukawa dhaifu. Vilevile mnunuzi ana haki ya kujua mifupa imetoka kwa mnyama gani. Kwa Mwislamu hilo ni sharti, na mradi unaolipuuza hukataliwa na watu hata kama maabara imeuridhia.

Kila chujio la aina hii hujaa. Tuchukue mfano wa ndoo yenye kilo 10 za mkaa wa mifupa, na tuseme kila gramu inanasa miligramu 2 za floraidi kabla ya kuchoka. Jumla ni miligramu 20,000. Familia ikichuja lita 20 kwa siku za maji yenye miligramu 10 kwa lita ili yabaki na 1, kila lita huacha miligramu 9 kwenye mkaa, na ndoo itajaa baada ya lita 2,200 hivi, yaani chini ya miezi minne. Jirani mwenye maji ya miligramu 5 kwa lita, kwa ndoo ileile na matumizi yaleyale, atafikisha lita 5,000 na kukaa zaidi ya miezi minane. Kwa hiyo muuzaji anayewaambia wote wawili “badilisha baada ya mwaka” anawapotosha wote wawili, na yule wa kwanza atakuwa amekunywa maji mabaya kwa miezi mingi huku akiamini amejikinga. Ulimi hauwezi kumwonya.

Utafiti wa malighafi unajaribu kurefusha muda huo. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Tengeru, Arusha, ndiyo alikotoka Askwar Hilonga, ambaye mwaka 2015 alishinda tuzo ya uvumbuzi wa kihandisi kwa Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, kwa chujio linaloambatanisha mchanga na chembechembe ndogo sana zilizotengenezwa kulingana na uchafu wa mahali husika. Mradi wa FLOWERED, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuhusisha Tanzania, Kenya na Ethiopia, ulitengeneza kifaa cha nyumbani kinachotumia aina nyingine ya fosfeti ya kalsiamu. Binafsi naona thamani kubwa zaidi ya kazi hizi iko katika wazo la kutengeneza kifaa baada ya kuyajua maji, wala si katika udogo wa chembechembe, yaani “nano”, neno ambalo siku hizi limekuwa la biashara.

Kuyajua maji maana yake ni kuyapima. Maabara hutumia elektrodi ya floraidi, ambayo husoma tofauti ndogo ya umeme na kuigeuza kuwa kiasi cha floraidi, mradi iwe imelinganishwa kwanza na myeyusho unaojulikana. Kwa maji yaliyotibiwa kwa shabu ni lazima kuongeza dawa inayoachanisha floraidi na aluminiamu, la sivyo elektrodi itasoma kidogo kuliko ukweli na mtambo utaonekana umefaulu. Nje ya maabara kuna vifaa vya rangi: dawa nyekundu hupauka kadiri floraidi inavyoongezeka, na kifaa kidogo husoma upaukaji huo. Usahihi wake si wa maabara, lakini unatosha kumwambia mtu kama chujio lake bado linafanya kazi.

Hapa ndipo kompyuta inapoingia, kwani hakuna bajeti itakayotosha kupima kila mahali. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya Eawag ya Uswisi walichapisha ramani ya dunia iliyojengwa kwa zaidi ya vipimo 400,000 vya maji ya ardhini, ambapo takriban asilimia 10 vilizidi miligramu 1.5 kwa lita, na wakakadiria kuwa watu wapatao milioni 180 huenda wakawa hatarini, wengi wao Asia na Afrika. Programu ilifunzwa kuhusisha vipimo hivyo na miamba, udongo na hali ya hewa, kisha ikakisia uwezekano wa floraidi mahali ambapo hapajawahi kupimwa. Ramani ya namna hiyo inamsaidia mhandisi kuamua aanze kutafiti wapi, na wapi asipoteze fedha za kuchimba. Haimwambii chochote cha uhakika kuhusu kisima kimoja. Kuzunguka Meru, mawe ya volkano yaliyoporomoka zamani yamechanganyika kiasi kwamba visima viwili vya jirani vinaweza kutofautiana mara kadhaa, na hakuna ramani ya dunia itakayoona tofauti hiyo. Vipimo vya vijijini vikirudishwa kwenye hifadhidata pamoja na tarehe, kina cha kisima na mahali kilipo, ukadiriaji utaboreka. Vikibaki kwenye daftari la mkandarasi vimepotea.

Shule zina nafasi ya pekee, kwa kuwa umri wa wanafunzi wa awali na wa madarasa ya mwanzo ndio umri ambao meno bado yanajengeka. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Paa la mita za mraba 100 mahali panapopata milimita 600 za mvua kwa mwaka, likivuna asilimia 80, hutoa lita 48,000. Kwa wanafunzi 300 wanaokunywa lita moja na nusu kila mmoja kwa siku, hayo ni maji ya zaidi ya siku 100 za masomo, ikiwa tangi la kuyahifadhi lipo. Darasa la sayansi linaweza kupima bomba la shule kila muhula kwa kifaa cha rangi na kuandika matokeo ukutani, zoezi ambalo linafundisha kemia na grafu na kuwapa wazazi taarifa kwa wakati mmoja. Somo hilo lifike hadi jikoni, kwa sababu magadi yanayotumika kulainisha maharage, makande na kiburu huweza kuwa na floraidi nyingi, na utafiti wa kaskazini umeyahusisha na meno yenye madoa hata kwa watoto ambao maji yao hayakuwa na floraidi ya kutisha. Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza haja ya magadi.

Kwa vyombo vya watumia maji vinavyokabidhiwa kisima kipya, ushauri wetu ni kudai cheti cha maabara kinachotaja floraidi kwa tarakimu, kilichotokana na sampuli ya mwisho wa majaribio ya pampu na si ya dakika za kwanza, kisha kurudia kipimo katika kiangazi na katika masika. Kisima kikizidi kiwango, swali la kwanza liwe kama kuna chanzo kingine cha karibu chenye floraidi kidogo, kwa sababu kuchanganya vyanzo viwili mara nyingi ni nafuu kuliko kuchuja: lita 2 za maji yenye miligramu 4 kwa lita zikichanganywa na lita 5 za yenye 0.5, mchanganyiko unakuwa na 1.5 kamili. Uwiano huo uwekwe chini kidogo ya mpaka, ili mabadiliko ya msimu yasiupite. Pasipokuwa na chanzo cha pili, maji ya kunywa na kupikia pekee ndiyo yachujwe, ya kufulia na kuoga yaachwe yalivyo, na fungu la kununulia vipimo na mkaa mpya liingizwe kwenye bei ya ndoo tangu siku ya kwanza.