Teke, mkanda na msamba: yasemwayo mtaani kuhusu taekwondo na hali ilivyo ukumbini

Anayeingia klabu ya taekwondo kwa mara ya kwanza, awe mtoto au mtu mzima, huja tayari na picha kichwani: filamu alizoona, video za simu, maneno ya jirani. Picha hiyo ikiwa na kasoro, gharama yake huja baadaye. Huja kama goti lililoteguka, pesa ya mtihani iliyokwenda bure, au mtoto anayegoma kurudi ukumbini ifikapo mwezi wa tatu. Haya ndiyo yanayosikika zaidi mlangoni.

"Usipoweza kupiga msamba, hufai"

Kauli hii inawafukuza watu wazima wengi kuliko ada inavyowafukuza. Msamba ni zao la miezi mingi ya kunyoosha viungo, wala haumo kwenye masharti ya kuandikishwa. Alama nyingi za pambano zinatokana na teke la usawa wa tumbo na mbavu, na teke hilo linataka goti linalopanda upesi kuliko mapaja yanayofika sakafuni. Faith Ogallo wa Kenya, aliyepigana Olimpiki ya Tokyo, aliingia taekwondo akiwa chuo kikuu, akitokea kwenye mpira wa kikapu.

Kosa lenyewe liko kwenye wakati wa kunyoosha. Mtu anafika, anakaa chini moja kwa moja misuli ikiwa baridi, anajivuta mapaja mpaka machozi, kisha anasimama kupiga mateke ya nguvu. Msuli uliovutwa kwa muda mrefu kabla ya teke hupungukiwa na mlipuko wake. Utaratibu unaofaa ni dakika 10 hadi 15 za kukimbia polepole, kuruka kamba, kuzungusha nyonga na kupandisha magoti, halafu kurusha mguu ulionyooka mbele na pembeni mara 10 kila upande, kimo kikiongezeka kidogo kidogo. Kunyoosha kwa kutulia, sekunde 30 kila mkao, kunabaki kwa ajili ya mwisho wa mazoezi, mwili ukiwa bado moto. Ile desturi ya mwenzako kukukalia mgongoni "ili ushuke" iachwe kabisa. Msuli wa paja ukichanika kwa mtindo huo, utakaa nje wiki kadhaa ukitazama wenzako.

"Teke kali ni la mwenye miguu yenye nguvu"

Tulichukue teke linalopigwa kuliko yote, dollyo chagi, lile la kuzunguka kutoka pembeni. Goti linapanda kwanza likielekea mbele, kisigino kikiwa karibu na tako, kana kwamba unataka kupiga teke la mbele. Hapo mguu uliobaki chini unageuka juu ya sehemu ya mbele ya unyayo mpaka kisigino chake kimtazame mpinzani. Nyonga inapinduka, ndipo ugoko unafyatuka na kupiga kwa mgongo wa unyayo, vidole vimenyooshwa. Kisha goti linakunjwa tena kabla mguu haujashuka.

Nguvu inatoka kwenye mzunguko ule wa chini, na kuumia kunatoka papo hapo. Kisigino kikigoma kugeuka, kiwiliwili kinazunguka na unyayo umebaki palepale, na kinachosokotwa katikati ni goti. Kuna sababu moja ambayo walimu huisahau: sakafu. Klabu nyingi za kwetu zinafanyia kwenye ukumbi wa shule au wa kanisa wenye saruji ya kukwaruza. Mwanafunzi pekupeku anachubuka ngozi kila akigeuka, na baada ya wiki mbili mwili wake umejifunza kutogeuka. Kumkaripia hakusaidii. Mpe viatu vyepesi vya soli laini, au mhamishie kwenye mkeka, kisigino kitaanza kugeuka chenyewe.

Tukiwa kwenye mikeka: ile ya kuunganisha kama fumbo huwa ya mita 1 kwa mita 1. Uwanja wa mashindano ni wa pembe nane wenye upana wa mita 8 hivi, kwa hiyo vipande 64 vinautosha. Klabu yenye vipande 20 inafanya mazoezi vizuri tu, mradi viungio vikanyagwe na kukaguliwa kabla ya kuanza, kwani mwanya wa upana wa kidole unatosha kuvunja kidole cha mguu.

"Taekwondo ni mateke tu, mikono ni pambo"

Anayetazama Olimpiki ana haki ya kufikiri hivyo. Kwa kanuni zilizotumika Paris 2024, ngumi ya kiwiliwili ilikuwa na alama 1, teke la kiwiliwili 2, la kichwa 3, na teke la kugeuza mgongo 4 likipiga kiwiliwili na 5 likipiga kichwa. Ngumi ya kichwani hairuhusiwi. Kwa hesabu hiyo, nani atahangaika na mikono?

Lakini fungua pumse, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ya kwanza kabisa anayofundishwa mwenye mkanda mweupe, Taegeuk Il Jang. Ina miondoko 18, na mateke ndani yake ni 2 tu, yote ya mbele. Yaliyobaki ni kukinga na kupiga ngumi. Inaanza kwa kugeuka kushoto na kukinga chini kwa mkono wa kushoto, kisha hatua moja mbele na ngumi ya kulia usawa wa kifua. Mtoto anayepiga mateke mazuri na kukinga kizembe atakwama kwenye mtihani, na mzazi atashangaa.

Tena taekwondo si tawi moja. Kuna World Taekwondo, inayosimamia mchezo wa Olimpiki, iliyoanzishwa 1973, na kuna ITF (International Taekwon-Do Federation), iliyoanzishwa 1966 na Jenerali Choi Hong Hi, ambayo leo yenyewe imegawanyika katika vyama vinavyogombea jina hilohilo. Kwa ITF ngumi ya kichwani ipo, glavu zinavaliwa, na pumse zao 24 ni nyingine kabisa. Nchini Kenya, kwa mfano, matawi yote mawili yapo. Utaitambua klabu kwa mavazi: doboki, yaani sare ya mazoezi, ya World Taekwondo inavaliwa kupitia kichwani na ina shingo ya V, ya ITF ni koti linalofunguka mbele. Uliza kabla ya kulipa, maana mtoto akihamia tawi la pili atajifunza pumse upya.

"Ni sanaa ya miaka 2,000"

Jina taekwondo lilipitishwa mwaka 1955. Walioanzisha shule za mwanzo jijini Seoul baada ya 1945, wengi wao walikuwa wamejifunza karate Japani, Choi naye aliijifunza huko, na kufanana kwa misimamo na ngumi kunatoka huko. Korea ilikuwa na michezo yake ya kale ya mateke, hilo ni kweli. Mfumo unaofundishwa ukumbini leo ni wa karne ya 20.

"Mkanda mweusi ni mwisho wa safari, na ukiulipia unaupata"

Kabla ya mweusi kuna ngazi za geup, kutoka ya 10 kushuka hadi ya 1. Hizi hutolewa na klabu au chama cha nchi. Mweusi unaanza Dan 1, na kwa klabu za World Taekwondo cheti kinatoka Kukkiwon, kituo kikuu cha taekwondo kilichoko Seoul, kikiwa na namba yake ya usajili. Kutoka Dan 1 kwenda 2 unatakiwa ungoje mwaka 1, kwenda 3 miaka 2, kwenda 4 miaka 3. Kwa hiyo mwenye Dan 1 amemaliza alfabeti, ndio kwanza anaanza kusoma. Mtoto wa chini ya miaka 15 hapewi Dan bali poom, na mkanda wake ni nusu mwekundu nusu mweusi. Ukionyeshwa mtoto wa miaka 9 mwenye "Dan 2", omba kuona cheti.

Pesa ya mtihani ipo, na si dhambi: mkanda wenyewe, ubao wa kuvunja, nauli ya mtahini. Cha kuchunguza ni kama kuna anayewahi kufeli. Klabu ambayo kila mwezi kuna mtihani na kila mtu anapanda, hiyo inauza vitambaa.

Ubao unaovunjwa mtihanini

Wengine husema mbao zimekatwa kwa hila, wengine kwamba mkono lazima ukomazwe kwa kupiga ukuta. Mkono usikomazwe, hasa wa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua. Ubao ni wa paini, mkavu, wenye unene wa sentimita 1 kwa mtoto na 2 hivi kwa mtu mzima, na hupasuka kufuata nyuzi zake. Wanaoushika wanakamata zile kingo mbili zinazokwenda sambamba na nyuzi, kwa kiganja, vidole havichomozi mbele, viwiko vimekazwa, nyuso zimegeuzwa pembeni. Wakishika kingo nyingine, hata mwalimu atatoka na uvimbe. Ubao uliolala nje ukanyeshewa nao haupasuki.

Usipopasuka, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: mshikaji amelegea akarudi nyuma pamoja na pigo, au mpigaji amesimamisha mguu kwenye uso wa ubao kwa woga. Lenga kitu kilicho sentimita 10 nyuma yake.

"Kushika pedi ni kupumzika"

Hapa ndipo klabu nzuri inapojulikana. Nusu ya muda wako ukumbini unamshikia mwenzako, na ukishika vibaya unamuumiza. Pedi inashikwa kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo, uso wa pedi ukitazama njia ya teke, na mkono unalipokea teke kwa kulisogelea kidogo. Wapo wanaoivuta pedi dakika ya mwisho kwa utani. Mguu uliokosa shabaha unanyooka kupita kiasi, na goti linalia. Ni mchezo wa kipuuzi ambao mwalimu anapaswa kuukomesha siku ya kwanza.

Kadhalika, wapo wanaodhani mikanda ya juu ni mabwana na weupe ni wa kufagia. Mstari unapangwa kwa ngazi, kweli, na mdogo humwinamia mkubwa. Ila kwenye klabu iliyo sawa, mkubwa ndiye anayefika mapema kutandika mikeka, na ndiye anayepewa mgeni wa kumshikia pedi. Nidhamu inayotolewa kwa fimbo, au kwa pushapu mpaka mtoto atapike, si sehemu ya taekwondo. Mzazi akiambiwa haruhusiwi kutazama mazoezi, amchukue mwanawe.

"Kuinama ni ibada"

Swali hili huja kutoka msikitini na kanisani sawia, na linastahili jibu badala ya kucheka. Kuinama Korea ni salamu, kama sisi tunavyosema shikamoo. Wapinzani wanainamiana kabla na baada ya pambano, na mwamuzi anaiamuru kwa neno moja, *kyeong-rye*. Taegeuk ni ile duara iliyo kwenye bendera ya Korea Kusini, nayo inatokana na falsafa ya Asia Mashariki. Mwanafunzi hatakiwi kuiombea wala kuiamini. Kama klabu ina bendera ukutani na dhamiri ya mtu haimruhusu kuiinamia, azungumze na mwalimu kabla: kumwinamia mwenzake kunatosha kwa mazoezi.

Na msichana mwenye hijabu? Anavaa, kofia ya kinga inakuja juu yake. Kimia Alizadeh wa Iran alipata shaba ya Rio 2016 akiwa hivyo. Hijabu iwe ya kitambaa cha kuvutika, isiyo na pini hata moja.

"Mlemavu hawezi"

Taekwondo iliingia Paralimpiki Tokyo, kwa wenye ulemavu wa mikono. Mateke ya kichwani hayaruhusiwi huko, kwa kuwa mkono wa kukinga huenda haupo. Parfait Hakizimana, mkimbizi wa Burundi ambaye mkono wake wa kushoto uliharibiwa kwa risasi utotoni, alipigana Tokyo kwenye timu ya wakimbizi, akitokea kambi ya Mahama, Rwanda, ambako alikuwa akifundisha watoto.

"Ukivaa kinga huumii"

Kinga zinapunguza michubuko. Kofia haizuii ubongo kutikisika. Aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, kichefuchefu au akasahau alichokuwa akifanya, anatoka palepale, harudi siku hiyo hata akisema yuko sawa, na anapelekwa kwa daktari. Hogu, ile kinga ya kiwiliwili, iwe saizi yako: ikining'inia inapanda na kukukaba, na mbavu za chini zinabaki wazi. Kinga ya meno na ya sehemu nyeti haziazimwi.

Hogu za klabu, zinazovaliwa na watu watano jioni moja, ndiyo njia ya choa na mapunye. Zifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila baada ya mazoezi, zikaushwe kivulini penye upepo. Jua kali linapasua ngozi yake ya plastiki, na nyufa zile ndimo uchafu unakokaa.

"Mkanda haufuliwi, ujuzi utaondoka"

Fua. Ila fua peke yake: mkanda mwekundu mpya ukilowekwa na doboki, utafika ukumbini doboki ikiwa na rangi ya waridi.