Utohozi si tafsiri

Juzi tulitazama filamu ya Kirusi ya 2003 iliyotokana na "Teatralny roman", riwaya ya Mikhail Bulgakov kuhusu watu wa thieta. Kabla majina hayajamaliza kupanda kwenye skrini, mwenzangu akatoa hukumu: "Tafsiri mbovu." Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, safari hii nimeshindwa kunyamaza.

Utohozi ni kuichukua kazi ya fani moja na kuiunda upya katika fani nyingine: riwaya ikawa filamu, utenzi ukawa tamthilia. Basi. Tafsiri hubadili lugha na kuiacha fani palepale. Nyerere alipomleta Shakespeare kwa Kiswahili, tamthilia ilibaki tamthilia.

Kutohoa tulikujua kwanza darasani, kwenye somo la maneno ya mkopo. "Baiskeli" ilitoka Kiingereza, ikapewa irabu mwishoni, ikaingia ngeli ya I-ZI. Hakuna anayesema tumeitafsiri vibaya.

"Tafsiri" nayo ni Kiarabu, na huko asili yake ni kufafanua. Muulize aliyehudhuria darsa la tafsiri mwezi wa Ramadhani: sheikh aweza kukaa na aya moja mpaka adhana. Kuhamisha maneno toka lugha hadi lugha Waarabu hukuita tarjama. Na riwaya ikigeuzwa filamu? Wanasema iqtibas, neno la mzizi mmoja na qabas, yaani kijinga cha moto, kilekile alichokifuata Nabii Musa alipouona moto kwa mbali. Aliyelelewa kijijini ameshanielewa. Unatumwa kwa jirani kuomba kijinga, unarudi mbio ukikipepea kisizime, unakisukuma kati ya mafiga. Moto umetoka kwake, lakini kuni ni zenu, na chungu kilichoinjikwa ni chenu. Jirani haji kuuliza mbona mnapika maharage ilhali yeye alipika samaki.

Kinachonichekesha ni kwamba riwaya yenyewe inahusu utohozi. Mhusika wake mkuu, Maksudov, ameandika riwaya. Usiku mmoja anaona ukurasa umegeuka kisanduku chenye taa, na ndani yake watu wadogo wanatembea. Anaandika anachokiona, na hiyo ndiyo tamthilia yake. Kisha Ivan Vasilyevich, mzee mwenye kauli katika thieta, anamtaka aondoe mlio wa bunduki. Mhusika ajichome jambia. Maksudov anajitetea: hii ni vita ya wenyewe kwa wenyewe, majambia hayatumiki tena. Mzee hasikii. Bulgakov aliyajua hayo kwa kuyapitia, maana riwaya yake mwenyewe ya awali ilipandishwa jukwaani Moscow mwaka 1926.

Angalia lakini Maksudov analalamikia nini. Halalamiki kwamba riwaya imebadilika. Aliyeibadilisha wa kwanza ni yeye. Analalamikia jambia lisilo na kazi katika kisa chake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, filamu isipokuridhisha sema utohozi umepwaya, kisha utuonyeshe jambia liko wapi. "Tafsiri mbovu" tuiwekee yale maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya skrini. Katika jina la kazi hii, neno "roman" kwa Kirusi ni riwaya na pia ni mapenzi. Nakala yetu iliandika riwaya tu, mapenzi yakapotea. Hapo nakuunga mkono.