Ngome ya Edinburgh, Uskoti: kuiona si kufika

"Dada, tuko hapa chini yake, tunaiona kabisa." Simu hiyo nimeipokea tena Jumanne kutoka kwa wateja wangu, saa 4 kasorobo asubuhi. Tiketi za familia nzima zilikuwa za kuingia saa 4 kamili. Wako wapi? Princes Street Gardens, kwenye benchi, wanapiga picha.

Ni kweli, kutoka bustanini ngome inaonekana kama utaigusa. Lakini pale umesimama chini ya mabaki ya volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, na pande tatu za jabali hilo ni genge wima. Barafu ya kale ilipita ikitokea magharibi, ikakwangua kila kilicho laini. Mashariki tu, nyuma ya jabali, ikaacha mkia wa ardhi unaoteremka taratibu. Barabara ya Royal Mile iko juu ya mkia huo, na lango la ngome liko huko. Mlango wa upande wa bustani haupo, msiniulize tena! Mwaka 1314 watu wa Thomas Randolph, jemadari wa Uskoti, waliparamia genge la kaskazini usiku wakaiteka ngome kutoka kwa Waingereza. Wewe umekuja na bibi na mtoto mgongoni, kwa hiyo zunguka.

Ukitokea Princes Street, panda kwa barabara ya The Mound. Ukitokea Grassmarket, kuna ngazi za Castle Wynd, nyingi na za kukata pumzi. Mimi huwaambia wateja watenge nusu saa, hata kama hoteli imetangaza kwamba iko "chini ya ngome". Na ukivuka lango hujamaliza kupanda, maana njia ya ndani ni ya mawe na inaendelea kukwea. Viatu vya soli laini viache hotelini, hasa mvua ikinyesha. Asiyeweza kupanda aulizie langoni gari dogo la kumpeleka juu.

Na haya mengine ninayoambiwa na wateja: "Tutakata tiketi tukifika." Mtandaoni ni nafuu, na siku za kiangazi nafasi huisha. Agosti, mji ukijaa matamasha, hilo wazo lifute kabisa.

"Mzinga hulia kila siku saa 6 mchana." Hulia saa 7, na Jumapili haulii. Ulianza mwaka 1861 ili manahodha walinganishe saa zao. Wala si Mons Meg, lile lizinga la mwaka 1449 mnalopiga nalo picha. Lilipasuka karne ya 17 na halijatumika tena.

"Yote ni ya enzi za kati." Sehemu kubwa ya mnachokiona ilijengwa baada ya mazingiwa ya mwaka 1573 kuuvunja mnara mkuu. La zamani hasa ni kanisa dogo la Mtakatifu Margaret, la karne ya 12, ambalo wengi hulipita wakikimbilia taji la wafalme wa Uskoti. Jiwe la kuwatawazia wafalme msilitafute, limehamia mji wa Perth, hukuhuku Uskoti, tangu Machi 2024.

"Mfalme anakaa humo." Ile ni ngome, si kasri. Mfalme akija Edinburgh hufikia kasri la Holyroodhouse, ncha ya pili ya Royal Mile. Kwenda huko, angalau, ni mteremko.