Dawa mseto: kwa nini zinakuwa mbili na usugu unaingiaje

Ukiomba mseto, yaani dawa ya malaria, duka la dawa hapa Dodoma utapewa ALu. Kila kidonge kina dawa mbili, atemetha na lumefantrini. Atemetha inaua vimelea haraka mno ndo maana kesho yake homa imeshuka na mtu anajiona mzima, ila haikai mwilini, masaa machache imeisha, halafu lumefantrini inabaki siku kadhaa kumalizia vilivyobaki.

Sasa kwa nini mbili? Vimelea vikizaliana vinabadilika, na kati ya mabilioni kinaweza kutokea kimoja ambacho dawa fulani haikiwezi, ukiwa umemeza dawa hiyo peke yake vingine vyote vinakufa kinabaki hicho, kinazaana, mbu anakuuma anaenda kumwambukiza jirani. Kimelea kimoja kushinda dawa mbili kwa mpigo ni ngumu sana. Klorokwini tuliiacha 2001 kwa sababu ya usugu, SP (sulfadoksini na pirimethamini) ikashika nafasi nayo haikudumu, mseto ukaanza mwishoni mwa 2006. SP siku hizi wanapewa wajawazito kliniki kama kinga.

Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara sita ndani ya siku tatu. Mara ya pili ni baada ya masaa 8 sio 12, hapo wengi wanakosea. Na umeze umeshakula, tena kitu chenye mafuta, bila mafuta lumefantrini inaingia kwenye damu kidogo sana! Ugali na mlenda wa maji matupu hautoshi, mlenda uungwe karanga za kutosha au mgonjwa apate kikombe cha maziwa. Inaniuma sana kuona mtu anakabidhiwa dawa bila kuambiwa hili.

Kagera tayari vimepatikana vimelea vilivyobadilika jeni (chembe ya urithi) inayoitwa K13, hivi atemetha inachelewa kuviua kwahiyo mzigo wote unaiangukia lumefantrini. Mseto bado unatibu jamani, msiogope kuutumia. Malaria ya Dodoma ni ndogo ukilinganisha na kule lakini mabasi ya Bukoba yanapita hapa kila siku, na vimelea vinasafiri na watu.

Kwahiyo pima kwanza, usigawane dozi na mwenzio wala usibakize vidonge eti vya homa ijayo. Na ukimaliza dozi homa ikarudi usikimbilie kununua pakiti nyingine, rudi kituoni wakupime upya.