Asidi, retinoli na vitamini C: visipakwe vyote usiku mmoja

Malalamiko ya vipodozi yanayofika ofisi yetu ya kanda ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hapa Dodoma yamebadilika sura. Zamani mtu alileta kopo moja lisilo na jina la mtengenezaji, uso umeungua, na maelezo yakawa mafupi. Siku hizi analeta mfuko mzima: seramu ya vitamini C, asidi ya glaikoliki, retinoli (aina ya vitamini A), tona yenye asidi salisiliki, sabuni ya kung'arisha. Kila chupa ukiisoma peke yake unaweza usione kosa. Kosa ni kwamba vyote vimepakwa kwa pamoja, asubuhi na jioni, tangu siku viliponunuliwa. Kisha mwananchi anauliza kipi kati ya hivyo ni feki.

Huenda hakuna kilicho feki, na jibu hilo huwa halimridhishi mtu.

Ngozi nyeusi ikichokozwa hujibu kwa kutengeneza melanini zaidi, yaani ile rangi inayoipa ngozi weusi. Chunusi ikipona huacha doa, na asidi ikiunguza huacha doa vilevile, mara nyingi kubwa kuliko lile lililokuwa linatibiwa. Kwa hiyo anayerundika viambata vikali ili aondoe madoa huwa anaongeza mengine. Wale wanaoambizana kwamba "ikiwaka ujue inafanya kazi" waelewe kuwa asidi inaweza kuchomachoma kwa dakika moja au mbili, basi. Uso unaowaka hadi asubuhi umeungua, na haujaanza kung'aa.

Anza na tatizo moja. Mwenye chunusi na ngozi ya mafuta atafute asidi salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2. Kwa kuwa huyeyuka kwenye mafuta, huingia ndani ya vitundu vya ngozi vilivyoziba. Benzoili peroksaidi nayo huua bakteria wa chunusi, na ya asilimia 2.5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 bila kuwasha sana kama hiyo. Itafifisha rangi ya taulo, foronya na mtandio, kwa hiyo tumia vyeupe. Mwenye madoa ana niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya asilimia 4 au 5, asidi azelaiki, au vitamini C. Wa mikunjo ana retinoli, ambayo husaidia chunusi pia, na mjamzito asiiguse kabisa. Asidi azelaiki ndiyo mjamzito anaweza kuitumia, akishauriana na daktari.

Asilimia kubwa hazimaanishi ubora. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka ukomo wa retinoli kwenye vipodozi: asilimia 0.3 kwa krimu za uso na asilimia 0.05 kwa losheni za mwili. Ukiona chupa inajisifu kuwa na asilimia 2, jiulize mtengenezaji anamuuzia nani.

Vitamini C ina shida yake. Aina inayotumika zaidi, asidi askobiki, huharibika kwa joto, mwanga na hewa. Chupa iliyokaa wiki kadhaa kwenye meza ya barabarani, jua la saa nane likiipiga, hugeuka kutoka maji safi kuwa rangi ya chai. Ikifikia hapo imekwisha nguvu, hata kama tarehe ya mwisho wa matumizi bado mwaka mzima. Kabla ya kulipa, itoe kwenye boksi uiangalie. Muuzaji akikataa, iache.

Sasa kuchanganya. Niasinamaidi hukaa vizuri na karibu kila kitu. Ile habari kwamba ikikutana na vitamini C zinauana ilitokana na majaribio ya zamani ya kemikali zilizopashwa joto kali, wala haihusu uso wa mtu. Retinoli na asidi za kuchubua, yaani glaikoliki, laktiki na salisiliki, zipewe usiku tofauti. Benzoili peroksaidi ikae asubuhi na retinoli usiku. Asidi mbili za kuchubua kwa wakati mmoja sioni sababu yake hata kidogo.

Kwa anayeanza, asubuhi anawe, apake niasinamaidi au vitamini C, kisha losheni, kisha kinga ya jua. Usiku anawe, apake kiambata kimoja alichochagua, kisha losheni. Retinoli ianze usiku mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. Kila kitu kipya kijaribiwe kwanza nyuma ya sikio kwa siku kadhaa, na kisiongezwe kingine mpaka angalau mwezi upite. Bila hivyo, uso ukivimba hatutajua aliyeuvimbisha, na maabara haitajua pia.

Hali ya hewa yetu nayo ihesabiwe. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Dodoma hukausha ngozi mpaka ikapauka, na vumbi huongezea. Mwenye ratiba iliyomfaa Dar es Salaam akihamia huku nayo vilevile, baada ya wiki mbili anaanza kubanduka. Punguza asidi msimu huo. Paka losheni kwanza, kisha retinoli juu yake, ukipenda na losheni tena. Nguvu itapungua kidogo na ngozi itavumilia.

Kuhusu kinga ya jua ninaomba nieleweke: bila hiyo, hayo mengine yote ni kutupa fedha. Tuko nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ubaridi wa Julai huwadanganya watu kwamba jua limepungua, kumbe miale inayoharibu ngozi haina uhusiano na joto unalolisikia. Asidi za kuchubua kama glaikoliki na laktiki huifanya ngozi iungue upesi zaidi, na hali hiyo huendelea kama wiki moja baada ya kuacha kuzitumia. Tumia yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi, mistari miwili iliyojaza kidole cha shahada na cha kati kwa uso na shingo, na urudie kila saa mbili ukiwa nje. Mwenye madoa achague ile yenye rangi. Mwanga wa kawaida wa jua, ule tunaouona, huchochea weusi kwenye ngozi zetu, na oksaidi za chuma ndizo zinazouzuia. Kwenye lebo huandikwa CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Kusema mtu mweusi hahitaji kinga ya jua ni maneno ya kijiweni.

Nirudi kwenye eneo letu la kazi. Tangu Julai 2019, kufuatia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na dawa zimebaki TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Tretinoini, ndugu mkali wa retinoli, na steroidi kama klobetasoli na betamethasoni ni dawa. Mwenye duka la vipodozi hana ruhusa ya kuziuza, hata akiziita krimu ya kulainisha. Viambata vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi ni pamoja na zebaki na misombo yake, haidrokwinoni, steroidi, bithionoli, heksaklorofini na klorofomu. Zebaki huharibu figo na mfumo wa fahamu, nayo humfikia mtoto anayenyonya. Lebo haiitaji waziwazi. Tafuta "calomel", "mercurio" au "Hg", na ukikuta onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au vito, irudishe dukani, maana zebaki hula metali hizo.

Anayeuza vipodozi anatakiwa kusajili jengo lake la biashara na kuhakikisha kila bidhaa imesajiliwa. Mwingizaji anahitaji kibali kwa kila shehena. Mkaguzi akifika atajitambulisha kwa kitambulisho, atakagua rafu na stoo, atachukua sampuli na kuzifunga kwa lakiri, na fomu itasainiwa na pande zote mbili. Muuzaji abaki na nakala yake. Bidhaa zikithibitika kuwa zimekatazwa huteketezwa chini ya usimamizi, na gharama za kuteketeza hulipwa na mwenye mali, jambo ambalo huwashangaza wengi. Usajili unaweza kusitishwa au kufutwa, na shauri likifika mahakamani hukumu inaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili.

Dada zetu wa saluni wanaokoroga krimu tatu kwenye kopo moja na kulibandika karatasi yenye namba ya simu, huo kisheria ni utengenezaji wa kipodozi. Kusema mteja ndiye aliyeomba hakubadilishi chochote.

Mwenye malalamiko alete kipodozi kwenye chombo chake cha asili, kikiwa na kilichobaki ndani. Asikihamishie kwenye kopo la asali. Alete boksi, risiti, jina la duka na picha ya ngozi ikionyesha tarehe. Namba ya toleo isifutwe. Bila hivyo tunaweza kumsikiliza, lakini hatuna cha kupeleka maabara wala cha kumfuata nacho muuzaji.

Ambaye uso umeshaungua aache viambata vyote leo, anawe kwa maji na sabuni isiyo kali, apake mafuta mgando au losheni isiyo na manukato, ajikinge na jua, na aende hospitali ikiwa kuna malengelenge au usaha. Limau, magadi na dawa ya meno visikaribie hapo. Ila aliyetumia krimu ya steroidi kwa miezi asiiache ghafla peke yake: ngozi inaweza kuripuka kwa wekundu na chunusi kali, na hapo ndipo wengi huirudia. Aende kwa daktari wa ngozi na chupa zote anazotumia, ikiwemo ile isiyo na lebo.